Jembe la Yonadabu

Mimi napima kahawa. Kazi yangu ni kutaja kilo,
si kumtaja Mungu.
Lakini Ijumaa usiku mlima uliteremka
ukaketi juu ya nyumba saba za Bunamwela,
na kulipokucha nikashika sepetu kama wengine.

Tope la Masaba lina uzito ambao mizani yangu haiujui.
Ukitoa karai moja, yanarudi mawili.

Aliyetangulia kunena ni bibi Nandudu:
"Mlikata miti ya kule juu bila kuomba.
Kijito kina wenyewe. Hamkuwaachia hata kuku."
Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma deni la dukani.
Kwake ubaya hauna pembe wala mkia;
ni ahadi iliyosahauliwa,
na riba yake.

Mlokole Erifazi, koti la mahubiri limelowa hadi mifukoni,
alimkemea Shetani kwa jina, kwa sauti,
kama mtu anayefukuza mbwa wa jirani
aliyemjua tangu hajafumbua macho.
Kisha akanyamaza katikati ya neno.
Chini pale alikuwako ndugu yake.

Haji Sulaiti alikuwa amefunga kanzu kiunoni.
"Aliyefukiwa na ardhi ni shahidi," akasema. "Nao huu ni mtihani."
Nikamuuliza: mtoto wa miaka minne anatahiniwa nini?
Akafuta jasho kwa kiwiko.
"Si yeye. Chimba."

Na Yonadabu Wepukhulu, Myahudi pekee wa tarafa yetu.
Jumamosi Yonadabu hawashi kiberiti,
hachumi hata nyanya;
msimu wa kahawa ukipamba moto, siku hiyo simu yake huwa jiwe.
Sasa ameshika jembe, Jumamosi, jua limetoka.
"Ikiwepo shaka tu kwamba kuna roho hai," alinijibu kabla sijauliza,
"Sabato inapisha. Shaka inatosha.
Ikiwa hakuna shaka tena, jembe linawekwa chini
hadi nyota tatu."

Namutosi, mama wa mtoto, alisikia.
Tangu hapo hakumtazama Erifazi, wala Haji, wala Nandudu,
wala lile shimo.
Aliitazama mikono ya Yonadabu.
Jembe likipanda, mwanangu anapumua.
Likishuka, mwanangu anapumua.

Saa sita. Saa nane. Manyunyu.
Tuliopoa sufuria, kandambili ya mguu wa kushoto, mbuzi,
godoro lililojaa maji kama mnyama.
Saa tisa kila mtu alijua.
Mimi nilijua; uzito ndio kazi yangu.
Haji alijua. Akamwangalia Yonadabu,
Yonadabu akamwangalia Haji,
wala hakuna aliyefungua kitabu.
Haji akamsogezea jagi la maji, lile la udhu.
"Kunywa," akamwambia, "uchimbe."
Bibi Nandudu alikuwa ameanza kung'oa mawe kwa kucha,
na Erifazi akamshikia karai.

Nilifundishwa kuwa shaka ni adui wa imani.
Siku ile niliiona viganjani mwa mtu,
ina malengelenge.

Jioni wengine waliogopa mvua. Mimi niliogopa nyota.
Maana zikitoka tatu, Sabato imekwisha,
na mtu anaweza kuchimba chochote,
hata kaburi,
na jembe lake halitakuwa tena na habari yoyote kwa mama.

Saa moja, mawingu.
Saa mbili, mawingu.
Yonadabu aliinua uso, hakuona kitu, akainama.
Likapanda. Likashuka.

Nyuma ya bega lake, upande wa Wanale,
wingu lilikuwa limechanika kidogo.
Niliona moja.
Niliona ya pili.
Nikaondoka nilipokuwa, nikasimama mbele ya Namutosi,
mimi mpima kilo, mwili wangu mpana usio na faida,
nikamziba upande ule.